Hakuna "Namsaidia Tu"

(Maneno haya niliyasema Uyole, Mbeya, Jumamosi mchana, mbele ya vijana wa bodaboda, mafundi ujenzi na akina mama wa biashara ndogondogo. Wenzao wengi walikuwa kazini siku ile na wameniomba niyaandike yote. Nimeyaweka kama yalivyotoka.)

Wakubwa wangu, shikamooni. Wanangu, salamu zenu nimezipokea mlangoni. Mliotoka Makambako na Iringa, kamwene. Wenyeji wetu, ndaga fijo kwa chai ya moto, maana baridi ya Juni hapa Uyole mnaijua wenyewe.

Nianze kwa kuuliza. Humu ndani, nani amewahi kumpeleka mtu kuona kiwanja au nyumba isiyo yake, kwa ajili ya kuuzwa? Nyosheni mikono. Naona karibu ukumbi mzima. Haya, msishushe. Sasa abakize mkono juu yule anayejiita dalali.

Imebaki minne.

Nilijua itakuwa hivyo. Kijana amembeba mteja kwa pikipiki hadi Isyesye, amemwonyesha mipaka, ametaja bei, amempigia simu mwenye kiwanja, mwisho wa siku amepewa chochote. Ukimuuliza, anasema: "Mama, mimi si dalali. Namsaidia tu." Fundi anajenga Nsalaga, anajua kila kiwanja kinachouzwa mtaa ule, kila mteja anapitia kwake. Ukimuuliza: "Namsaidia tu." Mama wa genge ana funguo za nyumba tatu za watu walioko Dar es Salaam. Naye: "Nawasaidia tu."

Wanangu, nimekuja kuzungumza juu ya maneno hayo mawili. Namsaidia tu.

Kazi ya udalali naifanya hapa Mbeya mwaka wa kumi na saba sasa, kwa leseni ya biashara na TIN, namba ya mlipakodi. Sikuanza hivyo. Nilianza kama ninyi, kwa kusaidia tu, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi Iringa. Na mtu wa kwanza niliyemsaidia, msaada wangu ulimtoa mama na watoto watatu ndani ya nyumba yao. Sijawahi kulisema hili mbele ya watu wengi. Leo nalisema.

Tulikuwa majirani Kihesa. Baba wa nyumba ile alikuwa dereva wa malori, Dar hadi Tunduma. Mkewe alikuwa amekwenda Njombe kumuuguza mama yake, na watoto alikwenda nao kwa sababu ilikuwa likizo. Yule bwana akaja kwangu jioni moja. "Mwalimu, nimekwama. Nataka kuuza nyumba, wewe unafahamiana na wafanyabiashara wa Mlandege. Nisaidie." Nikamuuliza, mama watoto anajua? Akasema anajua. Basi. Swali moja, jibu moja, nikaridhika. Namba ya mkewe nilikuwa nayo kwenye simu yangu. Sikumpigia.

Mnunuzi nilimpata kwa wiki mbili. Niliwakutanisha, wakaandikishana, yule bwana akanipa laki mbili ya asante. Mimi nilihesabu nimetenda wema kwa pande zote.

Mama yule alirudi kwa basi la jioni. Akakuta kufuli ya mtu mwingine mlangoni. Akaja kugonga kwangu, na watoto, na mabegi, kwa sababu mimi ndiye jirani aliyemwamini. Alikuwa bado hajajua.

Sheria yetu ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Kifungu chake cha 59 kinasema nyumba ya ndoa, mume au mke hawezi kuiuza, kuiweka rehani wala kuipangisha bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi jina la nani limeandikwa kwenye hati. Mimi mwalimu, ninayefundisha watoto wa watu, sikulijua hilo. Kesi ilikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ikachukua miaka miwili, mauzo yakabatilishwa. Mama akarudi kwake. Yule mfanyabiashara, ambaye hakuwa na kosa lolote, akabaki anamfukuzia bwana yule pesa zilizokwisha kuliwa barabarani.

Mimi niliitwa kutoa ushahidi. Mwenyekiti wa baraza akaniuliza: "Wewe katika mauzo haya ulikuwa nani?" Nikajibu: "Nilikuwa namsaidia tu." Akaandika. Kisha akainua uso: "Ulipokea nini?"

Ndugu zangu, nilisimama pale nikakosa mahali pa kuweka macho. Kwa sababu swali lile la pili ndilo linalojibu la kwanza. Ukisimama kati ya mwenye mali na mnunuzi, kwa niaba ya mwingine, ukitarajia malipo, wewe tayari ni wakala. Uitwe dalali, uitwe fundi, uitwe mwalimu, uitwe shemeji. Kazi ndiyo inayokupa jina.

Nchi nyingine zimeliweka jambo hili wazi kuliko sisi. Mpwa wangu anaishi Houston, jimbo la Texas, Marekani. Mwenzake wa kanisani alikuwa anahama, akamwomba amtafutie mnunuzi wa nyumba, na akamwahidi chochote kitu. Mpwa wangu, mtoto wa Tukuyu, akaona hilo ni jambo la kawaida. Kwa bahati akauliza kwanza. Akaambiwa: kule, kumuuzia mtu mwingine nyumba yake kwa malipo, au hata kwa kutarajia malipo, kunahitaji leseni ya jimbo. Na leseni hiyo, kwa anayeanza, ina masomo ya saa 180, mtihani, na alama za vidole. Ukifanya bila leseni ni kosa la jinai, na kamisheni ukinyimwa huna mahakama ya kukusikiliza. Nyumba yako mwenyewe unauza bila leseni. Ukipewa hati ya uwakilishi na mwenye nyumba unaweza kumwakilisha, lakini sheria ya Texas inahesabu: mauziano yasiyozidi matatu kwa mwaka. Maana ukishafika la nne, humsaidii rafiki tena, unafanya biashara.

Mpwa wangu akamwambia mwenzake, "Nitakusaidia kubeba makochi. Nyumba tafuta mwenye leseni." Tusicheke, alifanya vizuri.

Jirani zetu Kenya nao wana sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili.

Na sisi je? Sisi kwa miaka mingi tumeishi bila sheria mahsusi ya dalali wa nyumba na viwanja. Mthamini ana sheria yake ya mwaka 2016 na bodi yake. Mpiga mnada ana sheria yake. Dalali wa kiwanja amekaa nje ya uzio, mtu yeyote anaingia. Kijana mmoja aliniambia, "Mama, kama hakuna sheria ya dalali, basi hakuna kosa." Hapo ndipo mnapopotea, wanangu. Sheria ya Mikataba inamfahamu wakala, na inampa wajibu hata kama aliagizwa kwa mdomo. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 inamfahamu mtu anayefanya biashara. Mamlaka ya Mapato inamfahamu mtu anayepata kamisheni. Sheria ya mwaka 2006 ya kupambana na fedha haramu inamtaja wakala wa milki, yaani wa nyumba na ardhi, miongoni mwa wanaopaswa kutoa taarifa za miamala ya mashaka. Na mwaka 2025 serikali ilipowazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, uwakala wa milki ulikuwemo kwenye orodha. Wangezuiwaje kushindana nanyi kwenye kazi isiyokuwepo? Kazi ipo. Imeachwa mikononi mwenu ninyi raia. Swali ni mnaifanyaje.

Tuje kwenye idhini. Nani amekutuma?

Kuna kijana, leo hayupo hapa, wengine mnamfahamu, sitamtaja. Alikuwa na bodaboda yake mwenyewe, amemaliza marejesho. Rafiki yake wa zamani aliyehamia Dar akampigia: "Kile kiwanja cha Isyesye ni cha marehemu mzee wetu. Mimi ndiye mkubwa. Nitafutie mteja." Kijana akampata mama mmoja anayeuza mitumba Mwanjelwa, mama aliyedunduliza miaka sita. Kiwanja akakipenda. Rafiki akasema laini yake ina shida, pesa ya awali ipitie kwenye simu ya kijana. Milioni nne zikaingia. Kijana akakata laki tatu zake kama walivyokubaliana, nyingine akazituma Dar.

Mwezi uliofuata wakatokea ndugu wengine wa marehemu. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama alikuwa dada yao. Kaka mkubwa hakuwa na mamlaka yoyote. Simu ya Dar ikazimwa.

Niwaulize. Yule mama wa mitumba alimfahamu nani? Alimpa nani pesa? Jina lililotokea kwenye ujumbe wa muamala lilikuwa la nani? Basi polisi walimshika nani?

Alilala mahabusu siku tatu. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa linaloweza kukufunga hadi miaka saba. Huenda mahakama ingeona hakujua, ingemwachia, maana kudanganywa si kudanganya. Lakini hata hapo, sheria ya mikataba inasema anayejifanya ametumwa na mwenye mali kumbe hakutumwa, anamfidia aliyemwamini. Familia iliuza ile bodaboda kumrudishia mama yule sehemu ya pesa. Tuko hapa leo, na yeye anabeba mizigo Kabwe.

Kuwa mkubwa katika familia si idhini. Kukaa na funguo si idhini. Kulima shamba miaka kumi kwa niaba ya ndugu aliye mjini si idhini ya kuliuza. Marehemu ameacha mali? Omba kuona barua ya usimamizi wa mirathi, soma jina. Mwenye mali yuko mbali na anataka wewe utie saini kwa niaba yake? Hapo simu haitoshi, wala ujumbe wa WhatsApp hautoshi. Panahitajika hati ya uwakilishi iliyotengenezwa kwa wakili, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi. Kiwanja kimepimwa na kina hati? Fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi, muone jina lililosajiliwa na kama kuna rehani ya benki. Hakijapimwa? Tembea na mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote nne. Jirani wa mpaka anajua mambo ambayo karatasi haiyajui.

Na pesa ya mnunuzi, nawasihi, isipite kwenye simu yako. Iende moja kwa moja kwa mwenye mali. Kijana mmoja atasema, "Sasa mama, nikishampa namba ya mwenye mali, wataniruka." Hofu hiyo naijua, imenikuta mara nyingi. Dawa yake ni kuandikishana na mwenye mali kabla hujamleta mteja. Kuishika pesa ya watu ili usirukwe ni kujifunga kamba shingoni kwa sababu unaogopa kuanguka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua nikilisema baadhi yenu mtaninunia. Cha juu.

Naona mnatazamana. Cha juu mnakijua. Mzee anataka milioni ishirini, wewe unamtajia mnunuzi thelathini na moja, ile kumi na moja ni yako, na mzee hajui. Nimewasikia mkijitetea kijiweni: "Mzee alitaka ishirini, amepata ishirini. Amepungukiwa nini?"

Nitawaambia alichopungukiwa. Tangu maparachichi yashike soko, mashamba ya Rungwe na Njombe yanatafutwa na watu kutoka kila mahali. Mzee mmoja wa Rungwe alikuwa na ekari nane alizorithi kwa baba yake. Kijana wa kijijini kwake, anayemwita babu, akamwambia, "Babu, mteja yupo, milioni ishirini." Mzee akamwamini kwa sababu ni mjukuu wa jirani. Akauza. Akampa kijana laki tano kwa mkono wake mwenyewe, na akamwombea baraka.

Miezi minne baadaye kuna msiba. Mzee amekaa kwenye mkeka, na mnunuzi naye amekuja kuzika, mtu mwungwana. Katika mazungumzo akasema, "Mzee wangu, zile milioni thelathini na moja natumaini zimekusaidia." Mzee akadhani hakusikia vizuri. Akauliza tena. Akajibiwa tena.

Nilikwenda kumwona mzee yule, kwa sababu mwanawe ni rafiki yangu. Hakuzungumzia pesa. Alisema, "Nilimwombea baraka, na yeye alikuwa amekwisha kuniibia." Aliyarudia maneno hayo mara tatu.

Sheria iko upande wa mzee. Wakala hana ruhusa ya kupata faida ya siri kwenye mali ya aliyemtuma. Faida ile ni ya mwenye mali, na anaweza kuidai. Ile kumi na moja haikuwa ya mnunuzi kuitupa wala ya kijana kuiokota. Ilikuwa bei ya ekari nane za mzee.

Na hebu tulitazame kwa macho ya kazi pia. Mkataba unaandikwa shilingi ngapi? Ukiandika thelathini na moja, mzee anasaini kupokea pesa asiyoiona, na kodi ya faida ya kuuza mali yake atadaiwa kwa bei ile ya juu. Ukiandika ishirini, mnunuzi siku shamba likileta mgogoro ana karatasi ya ishirini, kumi na moja yake imepotelea hewani. Ukiandika mikataba miwili, umetengeneza ushahidi dhidi yako kwa mkono wako. Cha juu hakina mkataba unaokitosha. Ndiyo maana kinafanyika usiku.

Katika shamba lile kuna jingine. Ile ni ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji iidhinishe uhamisho wa haki ya kimila. Kijana alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti na muhuri ukapigwa. Mwenyekiti peke yake si halmashauri. Halmashauri inakaa kikao, inaandika muhtasari. Kwa hiyo hata yule mnunuzi mwungwana, aliyelipa pesa yote, amekaa juu ya shamba lenye nyufa.

Dalali atakula nini basi? Atakula kamisheni yake, mchana, watu wote wakijua. Mimi sioni haya kusema asilimia yangu mbele ya mnunuzi na mbele ya mwenye mali. Karatasi ninayoandika ni ukurasa mmoja: majina na namba za vitambulisho vya taifa (NIDA), kiwanja kilipo, bei ya chini ambayo mwenye mali anaikubali, malipo yangu na nani atayalipa, muda wa makubaliano, na itakuwaje akiuza mwenyewe kwa mtu niliyempeleka mimi. Bei ikipanda juu ya ile ya chini, nyongeza ni yake, isipokuwa tumeandika vingine na yeye ametia saini akijua. Kuna wazee wasiosoma. Huyo namwambia aje na mtoto wake au mtu anayemwamini, amsomee, tena mimi nikiwa nimetoka nje.

Wapo wanaosema nafukuza riziki kwa karatasi. Mwaka wa kumi na saba sasa, wateja wangu wengi wanaletwa na watu niliokwisha kuwauzia.

Nimalizie na kijana mmoja aliyenifuata kabla hatujaanza. Yuko hapa, ameniruhusu niliseme. Bibi yake ana kiwanja Igawilo, anataka kukiuza apate pesa ya kutibu miguu. Watoto wa bibi wako Dar na Tunduma. Mteja amepatikana na anakuja kesho Jumapili na pesa taslimu. Kijana ameniuliza, "Mama, nifanyeje?"

Mwanangu, kesho mteja aje, akione kiwanja, anywe chai ya bibi, aondoke na pesa yake. Usiku huu wapigie baba zako wadogo na shangazi, wote, wasikie kwa bibi mwenyewe anachotaka, si kwako. Muulize bibi kile kiwanja kilikuwa chake au cha babu. Kama kilikuwa cha babu, muulize nani alifungua mirathi. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa nje ya ofisi ya ardhi ya jiji. Njoo na bibi, na kitambulisho chake, na ile ofa, barua ya kumilikishwa kiwanja, aliyoifunga kwenye kanga ndani ya sanduku. Tutafanya upekuzi pamoja. Nauli ya bajaji ya bibi nitalipa mimi.